Geuza Kadi Kwanza

Mimi ni mzaliwa wa Kabambare, na hukusanya postikadi za zamani za Kongo, hasa za Maniema. Ya kwanza, yenye picha ya soko la Kasongo, niliibandika daftarini kwa gundi. Picha ilibaki, mgongo ukaharibika. Baadaye ndipo nilipojua kuwa mgongo ndio unaotaja umri wa kadi.

Tazama alama tatu. Kwanza, mstari wa katikati, wenye ujumbe kushoto na anwani kulia: Umoja wa Posta Duniani uliukubali mkutanoni Roma mwaka 1906. Mgongo usio na mstari huo kwa kawaida ni wa zamani zaidi. Salamu ziliandikwa upande wa picha. Pili, jina la nchi: "État Indépendant du Congo" lilikoma mwaka 1908, likaja "Congo Belge". Tatu, muhuri wa posta: huonyesha siku kadi ilipotumwa, si siku picha ilipopigwa.

Sisi wa lugha tunayo alama ya nne: maelezo ya picha. Kwenye kadi zangu yote ni ya Kifaransa, ingawa Kiswahili kilisemwa Kasongo kabla Wabelgiji hawajauteka mji huo mwaka 1893. Kadi moja imeandikwa "Femme indigène" tu. Nyanya yangu alipoiona alisema, "Huyu mama anapeta mchele, na ungo wake ni mpya."

Maneno yake nimeyaandika kwenye karatasi ya pembeni. Wanaoweza kuzisoma picha hizi wanazeeka, tuwaulize mapema. Na tusitumie gundi.