Kambale Anavyostahimili

Mtie kambale ndani ya beseni la maji machache, kisha mtazame. Baada ya muda atapanda, atatoa mdomo na ndevu zake nane juu ya maji, atavuta hewa na kurudi chini. Viputo vitatoka pembeni mwa kichwa. Tilapia akitiwa humo hatadumu kama yeye.

Samaki wengi hupumua kwa matamvua, yaani zile nyuzi nyekundu zilizojaa damu pembeni mwa kichwa. Hutwaa oksijeni iliyoyeyuka majini, nayo ni haba: lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 25 hubeba miligramu 8 hivi, ilhali lita moja ya hewa ina zaidi ya mara 30 ya hiyo. Maji yakipata joto, oksijeni hupungua. Majani yakioza ndani yake, hupungua zaidi. Ndivyo yalivyo madimbwi yanayobaki kiangazi katika mabonde ya Dilolo, kusini mwa Kongo.

Juu ya matamvua ya kambale kuna vyumba viwili, kimoja kila upande, vyenye viungo vilivyochanua kama matawi ya mti. Hewa huingia humo, damu ikachukua oksijeni.  

Mtoto wa kambale haanguliwi na viungo hivyo. Wiki za mwanzo hutegemea ngozi na matamvua tu.

Sasa tuje kwenye shaba, sumu inayoweza kuyeyuka katika maji ya karibu na migodi. Hata kambale akivuta hewa, matamvua hayaachi kazi. Ndiyo hutoa sehemu kubwa ya hewa ya ukaa, na ndiyo hufyonza chumvi za kufidia zile ambazo samaki wa maji baridi huzipoteza daima. Shaba iliyoyeyuka huvuruga kazi hiyo ya chumvi, na hapo kupanda juu kuvuta hewa hakumsaidii kitu. Ikiwa kidogo kiasi cha kutomuua, hujikusanya mwilini, kwenye ini zaidi kuliko kwenye nyama.

Basi ugumu wa kambale ni dhidi ya uhaba wa oksijeni, si dhidi ya sumu. Kuwa kwake hai sokoni hakuthibitishi usafi wa maji alikovuliwa. Maji ya Dilolo huelekea Kasai. Ya Kolwezi, mji wa migodi ya shaba, pamoja na mto Musonoi ambao bonde lake lilimwagiwa mabaki ya madini tangu miaka ya 1950, huelekea Lualaba. Mnunuzi, muulize muuzaji samaki wake katoka mto gani, na ini usilile.