Je, Wajua? Ndoo 7 Hazitoi Ndoo 7 za Zege

Pima ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto, kisha tia maji na uchanganye. Utapata takriban ndoo nne na nusu tu za zege. Mchanga hujaza mianya iliyo kati ya kokoto, na saruji hujipenyeza kati ya chembe za mchanga. Ndiyo maana wengi huishiwa vifaa jamvi la zege likiwa nusu.

Chukua jamvi la kufulia uani, mita 3 kwa 4, unene sentimita 10. Ujazo wake ni mita za ujazo 1.2. Kwa kuwa zege hupungua kama tulivyoona, zidisha kwa 1.54 upate vifaa vikavu: karibu 1.85. Kwa uwiano uleule, hiyo ni mifuko 8 ya saruji ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 0.53 na kokoto 1.06. Sawazisha na kushindilia ardhi kwanza, kwani ikizidi kina kwa sentimita 2 tu, zege litaongezeka kwa sehemu moja ya tano.

Maji yasizidi lita 30 kwa mfuko. Fundi akitaka uji mwepesi ili amwage haraka, mkatalie: maji ya ziada hukauka na kuacha vitundu vinavyodhoofisha zege. Likishashika, limwagilie maji kwa siku 7.