Mama na Biashara Yake

Muheza ni nchi ya machungwa. Msimu ukifika, malori huja kuyachukua. Mama amepalilia shamba pamoja na mumewe. Lakini mara nyingi anayepatana bei na mnunuzi ni baba, na fedha hupokea yeye.

Akina mama wengi wanataka kuwa na biashara yao. Wengine wamekwisha anza. Huuza vitumbua, husuka makuti, hucheza upatu ili wapate mtaji. Mtaji ni fedha ya kuanzia kazi. Wanaokwama si wavivu. Hukwazwa na maneno ya watu: "Mke wa fulani anashinda gulioni. Kwani mumewe hamlishi?" Baba akisikia hayo huona aibu, na biashara hufa. Ajabu ni kwamba mama huyo huyo akitoka porini na mzigo wa kuni, hakuna anayesema neno.

Wapo wasemao kuwa dini inakataza. Bibi Khadija wa Makka alikuwa mfanyabiashara tajiri. Mtume Muhammad, kabla ya kumwoa, alisafiri na bidhaa zake mpaka Sham.

Je, faida ya vitumbua ni ya nani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inajibu. Mke ana haki sawa na mume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Alichokuwa nacho kabla ya kuolewa hakigeuki kuwa cha mume. Tena, mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Basi mama anayepika na kulea watoto, naye amechuma.

Hata hivyo, ni vizuri mke na mume wapatane mapema. Siku ya gulio nani atabaki na watoto? Faida itumikeje?

Mtaji pia unaweza kukopwa. Tangu mwaka 2018 sheria inaagiza kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Katika hizo, asilimia 4 ni za vikundi vya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Mwulizeni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu. Mkishapewa mkataba, usomeni wenyewe kabla ya kutia sahihi, hasa mahali panapotaja siku za kulipa.