Uliza habari ya uzazi kabla ya dawa ya saratani

Kijana anapoambiwa ana saratani, swali lake la kwanza huwa: je, nitapona? Ni wachache wanaouliza la pili: je, nitazaa? Msomaji, swali hilo liulizwe kabla ya dozi ya kwanza.

Baadhi ya dawa za saratani, pamoja na miale inayoelekezwa nyonga, huharibu viungo vya uzazi. Mwanamume huweza kukaukiwa mbegu, na mwanamke akakoma hedhi mapema. Si wote hupatwa. Hutegemea dawa, kipimo na umri.

Kinga yake ni kugandisha. Mfugaji hatashangaa, kwani mbegu za fahali zilizogandishwa hutoka Kabete, kituo kilichoanzishwa 1946. Za binadamu huhifadhiwa vivyo hivyo, katika nitrojeni ya majimaji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Mtungi wake hauhitaji stima, ila nitrojeni lazima iongezwe.

Kwa mwanamume kazi ni ya siku moja: hutoa manii, yakapimwa na kugandishwa. Mwanamke hudungwa sindano za homoni kwa siku 10 hadi 14, kisha mayai hutolewa. Akiwa ameolewa, mayai yaweza kurutubishwa kwa mbegu za mumewe na kugandishwa yakiwa viinitete. Mtoto wa kwanza aliyetokana na kiinitete kilichogandishwa alizaliwa Australia 1984.

Wengi Garissa watauliza juu ya dini. Wanazuoni wengi wa Kisunni hukubali mbegu na mayai ya mume na mke wenyewe, ndoa ikiwa ingali hai. Mtu wa tatu haingii. Kwa asiyeoa au kuolewa, muulize shekhe wako mapema.

Hospitali ya rufaa ya Garissa sasa hutibu saratani, lakini kwa kugandisha jiandae kwa safari ya Nairobi, kama kilomita 370. Huko ndiko watoto wa kwanza wa Kenya waliotungwa maabarani walizaliwa 2006. Gharama ni kubwa, ada ya kuhifadhi hulipwa mwaka hadi mwaka, na mimba haina hakikisho.

Basi mwambie daktari siku ile ile ya majibu: "Nataka kuzaa baadaye." Akisema ugonjwa hauwezi kungoja, mtii, uhai kwanza. Lakini ukiwa na wiki mbili, zitumie. Maji yakimwagika hayazoleki.