Safari ya Likizo Kwenda Kilwa Kisiwani

Watu hutoka nchi za mbali kuja kukitazama kisiwa cha Kilwa Kisiwani. Sisi wa Nanyamba twaweza kwenda kwa basi, lakini wengi wetu twakijua kwa kitabu cha historia tu. Kinachotuzuia si fedha peke yake. Mara nyingi ni kutojua jinsi safari ya namna hiyo inavyopangwa. Makala haya yaeleza jambo hilo.

Kwanza, ujue unakwenda kutazama nini. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka wa 1331 akausifu mji, maana siku zile dhahabu ya Sofala ilipita hapo. Leo msafiri ataona Msikiti Mkuu wenye nguzo na kuba. Husuni Kubwa, jumba la Sultani lililo juu ya bahari, lenye bwawa la pembe nane. Na Gereza, ngome ambayo Wareno waliianza mwaka wa 1505. Mwaka wa 1981 magofu hayo, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia. Aliyesoma habari hizi kabla ya kwenda ataona mji. Asiyesoma ataona mawe.

Pili, chagua majira. Mwezi wa Mei 2024, baada ya mvua kubwa na kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam. Kwa hiyo likizo ya Juni, mvua zikiisha, yafaa zaidi. Tenga siku tatu: ya kwanza kupita Mtwara, Lindi na Nangurukuru hadi Kilwa Masoko, na kulala huko, ya pili kuvuka kisiwani asubuhi, ya tatu kurudi.

Tatu, piga hesabu. Gharama ziko namna mbili. Nauli, chakula, malazi na kiingilio hulipwa kwa kila mtu. Mashua na kiongozi wa kuonyesha magofu hugawanywa kwa wote. Tuseme, kwa mfano tu, mashua inakodiwa kwa shilingi 60,000. Watu 6 watatoa 10,000 kila mmoja. Watu 12 watatoa 5,000. Ulizeni bei zenyewe mapema, kisha ongezeni sehemu moja ya kumi kwa ajili ya dharura.

Hapa pana hatari. Kwa kuwa kila anayeongezeka hupunguza gharama, watu hushawishika kujaza chombo. Septemba 2011 meli ya Spice Islander I, iliyokuwa imepakia watu kupita kiasi, ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na watu zaidi ya 200 wakafa. Mvuko wa Kilwa ni mfupi, lakini maji ni maji. Mwulizeni nahodha chombo chake huchukua watu wangapi, na msizidishe hata mmoja. Kila abiria avae jaketi la kujiokolea. Upepo ukiwa mkali, ngojeni. Kama kundi ni kubwa, vukeni kwa zamu.

Kabla ya kuvuka, chukueni kibali Kilwa Masoko. Bebeni maji ya kunywa. Kisiwani wanaishi watu, tena wengi wao ni Waislamu. Basi vaeni nguo za heshima, waamkieni wazee, na msimpige mtu picha bila ruhusa. Msipande juu ya kuta wala kuokota kigae. Magofu hayo hulindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.

Mwisho, kwa wazazi. Mwanafunzi akikuomba ruhusa, mwambie alete karatasi yenye tarehe, hesabu, idadi ya watu kwa kila mashua, na jina la mwalimu msimamizi. Akiwa nayo, amekwisha kupanga safari. Na kwa kuwa korosho huuzwa kuanzia Oktoba, huo ndio wakati wa kuanza kuweka akiba ya Juni.