Mgonjwa wa kiharusi: kabla ya uji, apimwe kumeza

Wadau, hili naliona sana mawodini: mtu kapata kiharusi asubuhi, jioni ndugu wameshajaa na chupa ya uji. "Kunywa mama, upate nguvu." Jamani, ngojeni kwanza!

Kiharusi huweza kulegeza misuli ya koo. Chakula kikikosea njia kinaingia mapafuni, na nimonia ya hivyo inaua. Mimi na wewe tukipaliwa tunakohoa. Yeye huenda koo limeingia ganzi, anapaliwa kimya kimya. Babu yangu alimaliza kikombe kizima bila kukohoa, ndugu wakafurahi. Siku ya tatu, nimonia.

Kipimo cha kwanza hakitaki mashine. Mgonjwa awe macho, akae wima, apewe maji kijiko kimoja kimoja. Akiweza, anakunywa mililita 90 bila kupumzika. Kipimo hiki cha maji kilichapishwa mwaka 1992. Akikohoa, au sauti ikageuka kama ina maji ndani, basi, hakuna kitu mdomoni mpaka achunguzwe zaidi.

Tatizo ni wale wa kimya, wengine wanapita. Kukiwa na shaka kuna eksirei ya video: anameza bariamu, daktari anaiona inakopita. Au kamera nyembamba inayopitishwa puani, iliyoelezwa mwaka 1988, ambayo hufanyika hata kitandani.

Ukifika wodini uliza tu: "Samahani nesi, amepimwa kumeza?" Kama bado, uji ubaki kwenye chupa. Na vidonge usimpe mwenyewe, navyo vinapita koo hilo hilo.