Picha ya Mchezo Ina Mwenyewe

Ndugu msomaji, bila shaka unakifahamu kibanda cha kuonyeshea mpira. Unalipa kiingilio, unabanana na wenzako kwenye benchi, mnatazama. Je, umewahi kujiuliza picha ile ni mali ya nani? Mwenye kibanda amenunua televisheni. Umeme amelipia. Lakini mchezo unaouona si mali yake. Una mwenyewe.

Jambo hili liliwashangaza waumini wa kanisa moja huko Marekani mwaka 2007. Soma yaliyowapata.

Wamarekani wana mpira wao. Una ncha mbili, na wachezaji huushika kwa mikono na kukimbia nao. Ligi yao kubwa huitwa NFL. Fainali yake huitwa Super Bowl. Siku hiyo watu wengi hawapendi kutazama peke yao. Hukusanyika, hula na kushangilia pamoja.

Tarehe 4 Februari 2007, timu ya Indianapolis ilikuwa icheze fainali na timu ya Chicago. Kanisa moja la Wabaptisti mjini Indianapolis likatangaza kuwa waumini watatazama pamoja kanisani, kwenye kioo kikubwa, kwa mchango wa fedha kidogo. Kabla ya siku kufika, barua ya ligi ikaingia. Msitoze fedha. Msitumie jina la Super Bowl. Msionyeshe kwenye kioo kinachozidi inchi 55.

Inchi 55 ni kama sentimita 140, ukipima kioo kutoka pembe hadi pembe. Kipimo hicho kimo katika sheria ya hakimiliki ya Marekani, tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1998. Kanisa lilikuwa tayari kuacha kutoza fedha. Lakini kioo cha inchi 55 kwa kanisa zima ni kama embe moja kwa kijiji kizima. Wakaifuta shughuli yao.

Kwa nini ligi ilikuwa kali hivyo? Hapa twende polepole. Ligi huuza haki ya kuonyesha mchezo kwa kituo cha televisheni. Kituo nacho hurudisha fedha zake kwa kuuza nafasi za matangazo ya biashara. Mwenye sabuni au magari hulipa kwa kufuata idadi ya watazamaji. Na miaka ile watazamaji walihesabiwa majumbani mwao. Ukitoka kwako ukaenda kutazama kanisani, hukuhesabiwa. Ligi ilisema mikusanyiko mikubwa inapunguza hesabu hiyo.

Hoja hiyo inaeleweka. Lakini baa zilizozoea kuonyesha michezo ziliachwa ziendelee. Mnywaji wa baa naye hayuko nyumbani! Basi mwenye chupa aruhusiwe, mwanakwaya akatazwe? Watu wengi waliuliza hivyo, na mimi naona waliuliza vizuri.

Malalamiko yakafika bungeni. Mapema mwaka 2008, Seneta Arlen Specter alipeleka muswada wa kuyaruhusu makanisa. Seneta Orrin Hatch naye alilifuatilia jambo hilo kwa ligi. Mwezi Februari mwaka huo, mkuu wa ligi, Roger Goodell, alimjibu Hatch kwa barua. Alisema ligi haitayazuia tena makanisa, kioo kiwe kikubwa namna gani. Masharti yalikuwa mawili: watu wasitozwe fedha, na mahali pawe pale ambapo kanisa hufanyia shughuli zake za kawaida.

Waumini walifurahi. Lakini angalia vizuri, ndugu msomaji. Kilicholegezwa ni msimamo wa ligi. Sheria yenyewe haikuguswa. Tena ruhusa ile ilikuwa ya vikundi vya dini. Majirani wanaotaka kukusanyika katika ukumbi wa mtaa wao, na ambao si kanisa wala baa, hawakupewa lolote katika barua ile. Na inchi 55 bado zimo katika sheria.